Siagi Kwanza, Poda Baadaye

Ninyi wasichana mnaopamba maharusi siku hizi, nimewaona mnavyofanya kazi, na nina maneno na ninyi. Mnakuja na sanduku la magurudumu, brashi ishirini na taa ya duara. Halafu bibi harusi anatetemeka, mnamwambia, "Tulia dada, utapendeza." Atatuliaje? Mtu akiambiwa atulie, ndipo anapojua kuna jambo.

Mimi nimepamba maharusi zaidi ya miaka ishirini. Nimepamba Katesh, Nangwa, Masakta, mpaka Getanuwas kwa wafugaji, wakati ule mashamba ya ngano ya serikali yamelimwa mpaka macho yanachoka kuyaangalia. Brashi sikuwa nayo hata moja. Nilikuwa na pamba, na kidole hiki, na kioo cha pembeni cha lori ambacho fundi wa karakana alinipa baada ya kupasuka. Bibi harusi alijiangalia jicho moja moja, na alipendeza.

Sasa mkono unatetemeka, wanja sishiki tena. Kwa hiyo nitawaambia zaidi yale niliyoyaharibu. Niliyoyaweza hata ninyi mnayaweza.

Nilianza nikiwa muosha vyombo kwenye kantini ya shamba. Kazi ya kupamba ilikuwa ya Mama Felista, mke wa fundi mitambo, mtu wa Moshi. Katika kota zote za wafanyakazi ni yeye peke yake aliyekuwa na kopo la poda na rangi ya mdomo. Rangi hiyo ilikuwa moja kwa maharusi wote, na aliikata kwa njiti ya kiberiti kama mtu anayekata dawa. Mimi nilimbebea maji na kumshikia kioo. Nikashika kioo mwaka mzima, nikadhani nimeshajua.

Basi siku moja Mama Felista amesafiri kwao, na Masakta kuna harusi. Nikasema naenda mimi. Kufungua kopo, poda iko chini kabisa, haitoshi hata shavu moja. Miaka ile ukienda dukani ulikuta kiberiti na muuzaji, basi. Poda hakuna, sabuni hakuna. Lakini unga wa ngano, jamani, sisi tulikuwa nao! Nikauchekecha kwa kitambaa cha kichwa mara tatu, ukawa laini kuliko poda yenyewe. Nikauchanganya na ile poda iliyobaki ili unukie. Asubuhi ilikuwa ya baridi, baridi ya huku kwetu mnaijua. Yule binti akang'aa, mama yake akanishika mikono yote miwili kunishukuru.

Kanisa likajaa. Watu wakaimba, joto likapanda, jasho likaanza. Mnajua unga ukikutana na maji unakuwa nini.

Bwana harusi alipofunua shela akasimama hivyo hivyo, mkono juu. Mama yake, mwanamke ambaye hakuwa na sauti ndogo, akauliza kutoka benchi la mbele, "Mbona mmemleta kabla hajaiva?"

Bibi harusi akacheka, Mungu ambariki, na alipocheka uso ukapasuka vipande. Mimi nilitoka kwa mlango wa nyuma.

Mama Felista aliporudi, habari zilikuwa zimeshafika kota kabla yake. Alinikuta nasugua masufuria. "Wewe! Uso wa mtu ni chapati?" Kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akacheka mpaka akafuta machozi kwa gauni. Alipomaliza akanipa sheria ambayo nawapa ninyi: chochote unachotaka kumpaka mtu, jipake wewe kwanza. Nenda ukachote maji nacho, kaa nacho karibu na moto wa jikoni, simama nacho juani. Kisha jiangalie. Kama bado ni wewe, basi mpelekee bibi harusi.

Sasa hofu. Bibi harusi anaogopa mambo machache tu, ila hayataji kwa majina yake. Akisema nyusi zimepinda, mara nyingi nyusi hazijapinda, ni wifi aliyemwangalia vibaya juzi. Akisema poda imezidi, pengine ana njaa. Mpe uji kabla ya rangi ya mdomo, nusu ya hofu itaondoka na bakuli. Msimnyime kioo. Najua mnapenda kumfunulia mwishoni kama zawadi. Saa mbili nzima amekaa hajui mnamfanya nini! Mpe kioo kila mkimaliza kitu kimoja, aone anabadilika polepole, asije akakutana na mgeni. Na hizo simu zenu, acheni kumwonyesha picha ya mwanamke mwingine mkisema utakuwa kama huyu. Hatakuwa kama huyo, na bwana harusi hakumposa huyo.

Kulia msimkataze. Kulikuwa na binti mmoja Nangwa aliniambia, "Mama Neema, naogopa nitalia nikiagana na baba." Nikamwambia, "Lia sasa hivi, muda tunao. Nikishika wanja nimefunga duka." Akalia vizuri kabisa, akamaliza, akanawa. Wakati wa kuagana aliyelia ni baba.

Na chozi likishuka, hamfuti. Mnagandamiza kwa pamba, mnaacha. Mkifuta mnachora barabara.

Lakini jambo moja sikulijua mpaka siku ya Martina.

Martina alikuwa binti wa Getanuwas, kwao ni Wabarbaigi, watu wa ng'ombe. Alikuwa akileta maziwa kota kila asubuhi, na hapo ndipo Emanueli alipomwona. Emanueli alikuwa kijana wa kwetu Nangwa, Mwiraki, dereva wa kombaini ya kuvunia kwenye shamba la ngano. Martina alikuwa ameshabatizwa. Wazazi wake hawakuwa na sababu ya kulipenda shamba, kwa maana uwanda waliochungia tangu babu zao ndio uliolimwa. Mzee alichukua muda mrefu kukubali, na alipokubali, alikubali kwa kunyamaza.

Siku ya harusi nilifika kwao alfajiri na trekta ya shamba iliyokuja kumchukua bibi harusi. Padri alikuwa amesema saa tano kamili kanisani Nangwa, maana mchana alikuwa na misa mahali pengine. Asiyekuwepo saa tano, angefunga ndoa mwezi unaofuata. Na mwezi unaofuata, nani alijua kama mzee angekuwa bado amenyamaza?

Martina alikuwa na chale kuzunguka macho, nukta nukta zimepangwa duara, kama wasichana wengi wa kwao wakati ule. Sijafungua hata kopo, akaniambia, "Mama Neema, zifunike hizi."

"Zipi?"

"Hizi za macho. Isionekane hata moja."

"Nani amekuambia?"

"Wanawake wa kota. Nikipita na maziwa wanasema bundi amekuja. Leo kanisa lote ni watu wa kwao Emanueli. Sitaki nicheke—" akajirekebisha, "sitaki nichekwe wakati naapa."

Nikasema sawa. Nawaambia ukweli, nilifurahi. Kufunika chale si kazi ya kila mtu, na mimi nilikuwa na rangi nzito ya uso ambayo Mama Felista aliinunua Arusha akaniachia walipohama. Nikapaka, nikasubiri, nikapaka tena, nikaweka poda juu. Nukta zote zikazama. Nikampa kioo. Akajiangalia jicho la kulia, akajiangalia jicho la kushoto, akashusha pumzi. Nikajisikia fundi mkuu.

Hapo mama yake akaingia.

Alikuwa ameshika kibuyu cha siagi. Kwao binti hatoki nyumbani kwenda kuolewa mpaka mama yake ampake siagi, kuanzia kipaji cha uso kushuka chini, na maneno ya baraka. Hilo nililijua, nimeishi na majirani hawa maisha yangu yote. Ila sikulifikiria. Mimi nilifikiria chale tu.

Mama akamwangalia binti yake. Akaangalia nyuma ya mlango. Akauliza kwa lugha yao, nami kidogo nilikuwa naisikia, "Yuko wapi?"

"Mama, ni mimi."

"Sauti ni yake," mama akasema. Kisha akanigeukia mimi, kwa Kiswahili chake cha mnadani. "Wewe. Shamba lilichukua uwanda, nikanyamaza. Sasa mnachukua na uso?"

Nikaanza kufunga kopo langu.

Mama hakugomba. Alitoka nje, akakaa kwenye kigoda, kibuyu mapajani, akatazama ng'ombe.

Huko nje trekta ilikuwa inanguruma. Dereva hakuizima kwa sababu stata ilikuwa mbovu, ikizimwa tunasukuma wote na magauni yetu. Kwenye tela la nyuma walikaa wanawake wa upande wa bwana harusi, na mkubwa wao alikuwa Yustina, shangazi yake Emanueli. Huyo mama alikuwa na ulimi. Nangwa watu walinyamaza kwanza akipita, halafu ndiyo wakaendelea kusengenya. Akapaza sauti, "Ninyi huko ndani! Mnampamba au mnamjenga?"

Martina akanishika mkono. "Nikinawa, watanicheka. Nisiponawa, mama hanipaki. Nisipopakwa, sitoki. Mama Neema, mimi naolewa leo au siolewi?"

Wasichana, mahali pale hakuna poda inayosaidia. Nikafikiri, huyu anaogopa kuchekwa na watu, na watu wenyewe wako nje kwenye tela. Nikamwambia, "Nawa jicho moja tu. Moja liache." Akanawa la kulia. Nikatoka, nikaenda mpaka kwenye kigoda. Desturi ilikuwa waliokuja kuchukua bibi harusi wakae nje mpaka atolewe, kwa hiyo niliinama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Naomba ruhusa nimwingize shangazi yake bwana harusi."

Hakunitazama. "Mwingize. Na yeye amtafute."

Shangazi Yustina akateremka kwenye tela akilalamikia mgongo, akaingia akijaza mlango. "Shikamoo shangazi," Martina akasema, ameinamisha kichwa.

"Marahaba. Inua uso." Akamwangalia jicho la kulia, lenye duara lake. Akamwangalia la kushoto, lililofunikwa. Akarudi la kulia. "Hili jingine nani amelificha?"

"Ni mimi, shangazi," nikasema. "Mwenyewe anaogopa mtamcheka."

"Sisi?" Akakaa kitandani, kitanda kikalia. "Binti, nisikilize. Tangu mavuno ya mwaka jana nyumbani hatupumziki. Tukila, Emanueli na macho ya Martina. Tukipalilia, macho ya Martina. Eti yamezungushiwa shanga. Nikamwambia wewe umepigwa na jua juu ya hiyo mashine, nenda ukanywe maji. Leo nimepanda tela, mgongo umekatika vipande vinne, nimekuja kuyaona hayo macho. Nafika, mnanifichia moja!"

"Na wale wa kota?" Martina akauliza kwa sauti ndogo. "Wanaosema bundi?"

"Wanaosema nini?"

"Bundi."

Shangazi akakaza kanga kiunoni. "Basi mimi kanisani nitakaa nyuma yao. Acheke mmoja nimwone."

Martina akamwangalia yule mwanamke, upana wake wote, na nadhani aliwaona wale wa kota wamekaa mbele yake wamekauka kama magogo, maana alianza kucheka. Akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha mwenyewe, bila mimi kumwambia, akavuta beseni, akanawa jicho la pili. Rangi yangu ya Arusha yote ikaingia kwenye maji. Nilisikia uchungu, siwadanganyi. Uchungu wa dakika moja.

Nikamwita mama.

Akaingia na kibuyu chake. Safari hii hakuangalia nyuma ya mlango. Akamshika binti yake kidevu, akachota siagi, akampaka kipaji cha uso, mashavu, shingo, mikono. Alimpaka kama mtu asiyejua siagi inaisha. Maneno aliyomwambia sikuyasikiliza, hayakuwa yangu. Nilimwona tu Martina anavyoitikia kwa kichwa, kila neno kichwa.

Shangazi Yustina naye alikuwa amesimama kimya, jambo ambalo Nangwa hawataliamini. Mama alipomaliza, shangazi akasogea, akainamisha kichwa. "Na mimi, mkwe wangu, kama imebaki."

Mama akamtazama. Halafu akachovya kidole, akampaka siagi puani. Puani! Wakacheka wote wawili, wakashikana mabega, na huko nje mzee akauliza kuna nini.

Mkiniuliza kazi hii nilijifunza wapi, ni pale, si kwa Mama Felista. Nilikuwa nimemwuliza bibi harusi anaogopa nini, vizuri. Sikumwuliza nani mwingine atagusa uso wake siku hiyo. Tangu hapo kila nyumba niliyoingia niliuliza kabla ya kufungua kopo: mama anaweka nini usoni? Bibi je? Kuna maji ya baraka? Kuna siagi, kuna mafuta? Hayo yanapita kwanza. Poda inasubiri. Ninyi mnafika mnajenga uso kwa saa mbili, halafu bibi yake anakuja na mkono wenye mafuta, mnapiga kelele "Usiguse!" Msimwambie bibi wa watu asiguse. Alimwosha huyo mtoto kabla ninyi hamjazaliwa.

Na siagi ya mama haifutwi, hilo ni tusi. Nililoweka kitambaa kwenye maji ya moto, nikakikamua, nikakigandamiza usoni polepole, kikavuta iliyozidi, iliyobaki ikaingia kwenye ngozi. Poda kidogo puani na kidevuni. Wanja mwembamba kwenye kope. Rangi ya mdomo ya njiti moja. Zile nukta sikuzigusa, na siagi ilizifanya zing'ae zenyewe, kila moja na mwanga wake. Nikampa kioo cha lori. Alijiangalia jicho moja, akahamia la pili, akarudia tena, mpaka shangazi akamwambia, "Basi, binti, Emanueli naye abakishiwe."

Tukapanda tela, mama yake pia. Mavuno yalikuwa yameshaisha, uwanda umebaki mabua, na upepo wa msimu ule ukivuma vumbi linasimama kama mtu. Nikamfunika Martina kanga usoni, nikaifunga vizuri. Wanawake wakaimba. Tulipokaribia kota za shamba nikaona mkono wake unafungua fundo.

"Martina! Vumbi!"

"Nimeliona," akasema, akaivua kanga, akaiweka mapajani, akakaa wima.

Wale wanawake wa kota walikuwa bombani. Wakainuka, ndoo mkononi. Sikujua watafanya nini. Shangazi Yustina akasimama kwenye tela linalotembea, akashika kiuno, akawaangalia mmoja mmoja kama anayewajua kwa jina. Vigelegele walivyopiga pale bombani, sijawahi kuvisikia tena. Martina akawapungia mkono kama waziri.

Tulifika kanisani padri ameshatoka mlangoni kuangalia jua. Na uso wa bibi harusi wangu? Vumbi lote la uwanda limekaa juu ya siagi. Alikuwa na rangi ya barabara. Nikaruka chini na kitambaa kibichi, nikamshika kichwa, nikafuta vumbi. Poda ikaondoka, rangi ya mdomo ikaondoka, wanja ukaondoka. Nikataka kufungua kopo, padri akakohoa.

"Mama Neema, niache," Martina akasema. "Niko sawa."

Nikamwangalia. Alikuwa na uso wake, na mng'ao wa siagi, na macho yake mawili na duara zake mbili. Hofu sikuiona mahali popote. Akampa mama yake mkono mmoja, na mwingine shangazi Yustina, wakaingia hivyo watatu. Emanueli alipomwona alicheka kwa sauti ndani ya kanisa, kicheko cha furaha mpaka kwaya wakapoteza wimbo, na padri mwenyewe akainamia kitabu chake kuficha meno.

Mimi nilibaki mlangoni na kitambaa kilichobeba kazi yangu yote ya asubuhi. Nikakikunja, nikakiweka kwapani, nikaingia benchi la nyuma kuimba.